Namna ya Kukiona Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa Macho Matupu Ukiwa Afrika Mashariki

Kila siku Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupita mara kadhaa mahali ambapo mtu aliyeko Mombasa, Tanga au Kisumu angeweza kukielekezea kidole, na karibu mara zote hakuna anayekielekezea. Sababu si ukosefu wa darubini, kwa maana kituo hicho kinapopita vizuri hung'aa kuliko nyota yoyote na huweza kushindana na sayari ya Zuhura. Sababu ni saa. Watu wengi wanaopenda kutazama anga husubiri usiku uwe wa manane, watoto wawe wamelala na taa za majirani zimezimwa, ndipo watoke nje. Na huo ndio wakati ambao, katika nchi zilizo karibu na ikweta, kituo hakionekani hata kikipita utosini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijua saa inayofaa, namna ya kuisoma ratiba na upande wa kuelekeza macho. Gharama yake haizidi bando la intaneti na shingo iliyo tayari kuchoka kidogo.

Unachokitafuta ni nini hasa

Sehemu ya kwanza ya kituo, inayoitwa Zarya, ilirushwa kwa roketi ya Urusi kutoka Baikonur, Kazakhstan, tarehe 20 Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 haijapita siku hata moja ambayo kituo kilikosa watu ndani yake. Kwa kawaida wakazi wake ni 7. Kina urefu wa mita 109 kutoka ncha moja hadi nyingine, uzito wa takriban tani 420, na mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, ambao hukiwezesha kuizunguka Dunia kwa dakika 93 hivi.

Watu wengi hukidhania kuwa mbali sana. Ukweli ni kwamba huelea katika kimo cha kilomita 400 hadi 420 hivi, ilhali barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa hukaribia kilomita 480. Kama pangekuwa na barabara ya kwenda juu, basi la usiku lingefika kituoni kabla ya mapambazuko, na abiria wangelalamikia nauli kama kawaida. Katika kimo hicho nguvu ya uvutano wa Dunia imepungua kwa takriban sehemu moja tu ya kumi. Kwa hiyo wanaanga hawaelei kwa sababu uvutano umekwisha, kama inavyosemwa mara nyingi hata madarasani. Huelea kwa sababu wao na chumba chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku mwendo wao wa kwenda mbele ukiwa mkubwa kiasi kwamba kila waangukapo huikosa ardhi.

Jambo la kushika zaidi ya yote ni kwamba kituo hakina taa inayoweza kuonekana kutoka chini. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaoakisiwa na mwili wake na paneli zake kubwa za umeme. Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kutimia kwa wakati mmoja: kituo kiwe juu ya upeo wa macho yako, kiwe kinamulikwa na jua, na wewe mwenyewe uwe gizani. La kwanza hutimia mara nyingi. Ugumu umo katika kuyapata la pili na la tatu kwa pamoja.

Baina ya Magharibi na Isha

Jua linapozama kwako, kwa mtu aliye kilomita 400 juu ya paa lako bado halijazama. Kivuli cha Dunia huanza kuinuka upande wa mashariki na kupanda taratibu, na huchukua muda kufika katika kimo cha kituo. Ukikokotoa utaona kwamba kitu kilicho utosini mwako katika kimo hicho huendelea kupata jua mpaka jua litakapokuwa limeshuka nyuzi 20 hivi chini ya upeo. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa kasi ya nyuzi 15 kila saa, na ndiyo maana jioni zetu ni fupi na giza huingia upesi. Matokeo yake ni kwamba kituo kikiwa utosini hupata mwanga kwa muda wa saa moja na dakika 20 tu baada ya machweo. Ukiondoa dakika 20 au 25 za mwanzo, ambazo anga bado ina mwanga mwingi mno, unabaki na nafasi isiyotimia saa nzima.

Wakazi wa pwani, na wote waishio karibu na msikiti, hawana haja ya hesabu hizo. Adhana ya Magharibi hutolewa jua linapozama, na adhana ya Isha hutolewa likiwa limeshuka nyuzi 18 hivi chini ya upeo, ambacho ni kiasi kinachokaribiana sana na kile cha kivuli kukifikia kituo. Nafasi ya kukiona kituo jioni, basi, ni baina ya adhana hizo mbili, na hasa nusu yake ya pili. Alfajiri mambo hugeuka: nafasi hufunguka karibu na adhana ya Alfajiri na kufungwa dakika 20 au 25 kabla ya jua kuchomoza. Kwa hesabu ya saa, jioni zinazofaa katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huangukia kati ya saa 12:40 jioni na saa 2:10 usiku, kutegemea mji na mwezi wa mwaka.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni unapompotosha msomaji wa huku, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Mjini London, katika mwezi wa Juni, jua halishuki zaidi ya nyuzi 15 hivi chini ya upeo hata saa sita ya usiku, na kwa sababu hiyo kituo hubaki kwenye mwanga usiku kucha. Ndugu zetu walioko huko wanaweza kukiona mara kadhaa katika usiku mmoja, kila baada ya saa moja na nusu. Wakikupigia simu kukusimulia, furahi nao, lakini usifuate saa zao.

Kuipata ratiba na kuisoma

Vyanzo viwili vinatosha. Kimoja ni Spot the Station, huduma ya bure ya NASA yenye programu ya simu inayoweza kukupa taarifa kabla ya kituo kupita. Kingine ni tovuti ya Heavens-Above, ambayo sura yake ni ya kizamani kidogo lakini huonyesha ramani ya anga yenye mstari wa njia ya kituo kati ya nyota, pamoja na vitu vingine vingi tutakavyovitaja mwishoni. Binafsi naipendelea ya pili, kwa sababu ramani hiyo humwezesha mtu kupanga mapema asimame wapi. Katika zote mbili lazima kwanza uweke mahali ulipo, kwa kuchagua mji wako au kugusa ramani. Kosa la kilomita chache halidhuru, lakini ratiba ya Nairobi haimfai aliyeko Mwanza.

Kisha hakikisha saa. Baadhi ya orodha huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, ambapo mkazi wa Tanzania, Kenya au Uganda huongeza saa 3, mkazi wa Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo huongeza saa 2, na aliyeko Oman huongeza saa 4. Baada ya hapo kuna tabia yetu ya kuhesabu saa kuanzia macheo: 19:08 ya ratiba ni saa 1:08 usiku, yaani unapunguza saa 6, na kinachobaki kikizidi 12 unaondoa 12. Hesabu hizi mbili ni rahisi kila moja peke yake, lakini zikikutana katika kichwa kilichochoka zinaweza kumtoa mtu nje saa tatu nzima baada ya kituo kwenda zake. Dawa yake ni kuweka kengele ya simu mara tu unapoisoma ratiba, kwa kuwa simu haiulizi saa imehesabiwa kwa mtindo gani.

Chukua mfano wa mstari mmoja wa ratiba, ambao nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya tu: kituo kinaanza kuonekana 19:08 kikiwa nyuzi 10 upande wa kusini-magharibi, kinafika kileleni 19:11 kikiwa nyuzi 64 upande wa kaskazini-magharibi, na kinatoweka 19:12 kikiwa nyuzi 35 upande wa kaskazini-mashariki, mng'ao wake ukiwa -3.5. Nyuzi hizo ni kimo kutoka kwenye upeo wa macho: sifuri ni pale anga inapokutana na ardhi au bahari, na 90 ni utosini. Ili kuzipima, nyoosha mkono mbele yako kwa urefu wake wote. Ngumi iliyokunjwa huziba takriban nyuzi 10, na shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, hupima nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kwa kuwa mtoto mwenye mkono mdogo ana pia mkono mfupi, uwiano haubadiliki sana, na kipimo hiki humfaa kila mtu wa familia.

Namba ya mng'ao huwachanganya wengi kwa sababu imepangwa kinyume: kadiri inavyopungua ndivyo kitu kinavyong'aa zaidi, na zilizo chini ya sifuri ndizo za mng'ao mkubwa. Nyota hafifu kabisa ambazo jicho huziona penye giza la kweli huwa na mng'ao wa 6 hivi, Zuhura huwa na -4 hivi, na kituo kinapopita vizuri hufikia -3 au kushuka chini ya hapo. Namba ninayoiangalia kwanza, hata hivyo, ni kimo cha kilele. Kikiwa nyuzi 10 tu juu ya upeo, kituo huwa umbali wa karibu kilomita 1,500 kutoka ulipo, ilhali utosini kiko kilomita 420 au pungufu. Isitoshe, chini huko ndiko kuliko na majengo, miembe na ukungu wa moshi. Kwa anayeanza, safari ambayo kilele chake hakifiki nyuzi 40 haifai kumwitia mtu nje, hasa ukiwa umewaahidi wageni.

Ratiba yenyewe inahitaji subira, na ni vyema kujua kwa nini. Njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo hufika kaskazini hadi usawa wa London na kusini hadi karibu na ncha ya Amerika Kusini. Kituo hutumia sehemu kubwa ya muda wake karibu na mipaka hiyo, na huikata ikweta upesi kwa mshazari. Sisi tulio hapa katikati hukipata mara chache kuliko watu wa Ulaya, na hata kuliko watu wa Maskati. Zaidi ya hayo, kwa wastani saa ya kupita juu yetu hurudi nyuma kwa dakika 20 hadi 25 kila siku, na kwa kuwa nafasi yetu ya jioni haitimii saa moja, kituo huipita nafasi hiyo katika siku chache tu, kisha kikaanza kupita mchana, ambapo hakionekani. Ikiwa ratiba ya wiki hii haina kitu, hakuna kilichoharibika. Itazame tena wiki ijayo. Usihifadhi ratiba ya zamani ukidhani itafaa, kwa sababu hewa nyembamba iliyoko huko juu hukishusha kituo kidogo kidogo, na kila baada ya muda injini huwashwa ili kukirudisha katika kimo chake, jambo ambalo hubadilisha saa zote zinazofuata. Itazame upya siku ileile unayotaka kutoka.

Upande wa kuelekea

Kituo husafiri kila mara kuelekea mashariki, kwa hiyo jioni na alfajiri huingia kwa upande wa magharibi na kutokea upande wa mashariki. Kwetu njia zake ni mbili tu: ama hutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au hutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Ukiona kitu kinachong'aa kikisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, si chenyewe, hata kama jirani yako ameapa.

Kwa mtu wa pwani, kuijua kaskazini ni jambo la bure kabisa. Makka iko karibu nyuzi 39.8 za mashariki, Mombasa iko karibu 39.7 na Dar es Salaam iko karibu 39.3, kwa hiyo katika mwambao huu kibla ni kaskazini takriban kamili, na ukuta wa msikiti wenye mihrabu hukuonyesha kaskazini kwa uhakika kuliko dira ya simu iliyokaa karibu na bati au gari. Kadiri unavyokwenda bara kanuni hii hulegea: Nairobi kibla kimeinama kidogo upande wa mashariki, na Goma au Bujumbura kimeinama kiasi kwamba mtu lazima akizingatie. Huko ni afadhali kukumbuka mahali jua lilipozama, ambapo ni magharibi kamili mwezi Machi na Septemba, na huhama hadi nyuzi 23 hivi kaskazini au kusini mwa hapo kufikia Juni na Desemba.

Taa za mji si kikwazo. Kituo huonekana hata katikati ya Kariakoo au Eastleigh, mradi upate uwazi kati ya maghorofa, na paa la nyumba ni mahali pazuri kuliko uwanja uliozungukwa na miti. Kikwazo cha kweli ni mawingu. Masika na vuli huharibu mipango mingi, na wakazi wa Nairobi wanajua kwamba Julai, ambayo kwengine ni mwezi wa anga safi, kwao ni mwezi wa mawingu ya kijivu yasiyonyesha wala kuondoka. Hilo halina dawa.

Dakika zenyewe

Toka nje dakika 10 kabla ya wakati, ili macho yazoee giza na ili utambue upande unaohusika kabla ya kuanza kubishana. Usitazame mwanga wa simu. Jioni, kituo huanza kama nukta hafifu magharibi, na wengi hukata tamaa hapo kwa kudhani ndicho chote walichoahidiwa. Wavumilie kidogo. Mwanzoni jua linakimulika kwa nyuma, kwa hiyo upande tunaouona ni ule wenye kivuli. Kinapopanda na kupita kuelekea mashariki tunaanza kuuona upande uliomulikwa wote, na mara nyingi ndipo mng'ao hufikia upeo wake. Kileleni hukata anga kwa kasi ya karibu nyuzi 1 kila sekunde, yaani huweza kuuvuka uso wa mwezi mzima kwa nusu sekunde.

Kisha hutoweka, na kutoweka huko ndiko kunakopendeza kuliko yote. Hakiendi nyuma ya mlima wala wingu. Kikiwa bado juu kabisa upande wa mashariki hugeuka rangi ya machungwa kwa sekunde chache, kikafifia na kuzimika. Hapo kimeingia kwenye kivuli cha Dunia, na ile rangi ni mwanga wa jua uliochujwa na hewa yetu, yaani ni machweo ya wale walioko ndani. Wageni wasioambiwa mapema hudhani kimeanguka. Alfajiri utaona kinyume chake: anga itakuwa tupu mbele yako, kisha nukta itawaka yenyewe mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kushuka mashariki mpaka ikamezwa na mwanga wa mapambazuko. Kwa sababu hiyo, alfajiri usitarajie kukiona kikichomoza kwenye upeo. Tazama kimo ambacho ratiba imekitaja.

Kukitofautisha na vingine si kazi. Ndege ina taa nyekundu na kijani zinazomweka, na ikikaribia huvuma. Kituo kina mwanga mmoja mweupe uliotulia, na hakina sauti. Kimondo huisha kwa sekunde moja au mbili. Zuhura haitembei kwa namna inayoonekana. Nukta nyingi zilizofuatana kwenye mstari mmoja ni setilaiti za Starlink zilizorushwa siku chache zilizopita, na ndizo zinazojaza video za watu walioshtuka katika simu zetu. Ukizipata katika kundi la familia, unaweza kuwatuliza wazee kwa sentensi moja.

Kama kuna watoto, swali litakalofuata ni lile la wakazi wa kituo wanafanya nini wakati huo, na jibu lake linapatikana. Kwa kuwa jua huchomoza na kuzama kwao mara 16 hivi kwa siku, wao hawafuati jua, hufuata saa ya UTC. Saa 1 usiku ya Dar es Salaam kwao ni saa 10 jioni: bado wako kazini, au wako kwenye mashine za mazoezi, ambayo hufanya kwa takriban saa 2 kila siku ili misuli na mifupa isidhoofike. Saa 11 alfajiri ya Dar es Salaam kwao ni saa 8 usiku, na wamelala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani. Ukiwapungia mkono alfajiri, basi, usione vibaya wasipokujibu. Ukitaka kuwaona watoto wakikunja nyuso, waeleze kwamba mitambo ya kituo, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2023, ilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji, yakiwemo yatokanayo na jasho, pumzi na mkojo, na kwamba maji hayo husafishwa yakanywewa tena. Chai ya kesho, kwa maneno mengine, ni ya jana.

Kupiga picha si lazima, na kwa mara ya kwanza nashauri usijaribu, kwa sababu dakika 4 au 5 huisha ukiwa bado unahangaika na kioo. Baadaye, iweke simu mahali imara isitikisike, chagua hali ya usiku au muda mrefu wa kupokea mwanga, kuanzia sekunde 10, na kituo kitaandika mstari mweupe kati ya nyota. Darubini kubwa haifai kwa kazi hii, maana kituo hukimbia kuliko mkono unavyoweza kuifuatisha. Ile ya macho mawili husaidia kidogo, ingawa hata nayo hutaona zaidi ya nukta nene.

Kituo hiki pia si cha wengine tu. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani kutoka humo tarehe 11 Mei 2018. RwaSat-1 ya Rwanda ilifuata Novemba 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Zote zilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo usizitafute.

Ukishakizoea, tafuta Hubble

Katika Heavens-Above utaona pia orodha ya Tiangong, kituo cha China ambacho kwa kawaida hukaliwa na watu 3. Njia yake imeinama nyuzi 41.5 tu, chini ya ile ya kituo cha kimataifa, na ingawa mng'ao wake ni mdogo kidogo huonekana bila shida. Kanuni zote zilizotangulia hukihusu vilevile.

Lakini anayeishi karibu na ikweta ana haki moja ambayo Ulaya ya kaskazini haina, nayo ni darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990. Njia yake imeinama nyuzi 28.5, kwa hiyo huzunguka juu ya nchi za joto pekee na haichomozi kamwe kwa mtu aliyeko London, hata asimame juu ya mnara gani. Kwetu hupita utosini. Ni ikweta hiyohiyo iliyowaleta Waitalia kurusha roketi katika bahari ya Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Hubble ni hafifu kuliko kituo, mng'ao wake ukiwa karibu 2, sawa na nyota ya kawaida, kwa hiyo hapa taa za mji zinadhuru. Nenda mahali penye giza, chagua siku isiyo na mwezi mkubwa jioni, na utumie ramani ya njia badala ya kutegemea dira peke yake: tafuta nyota mbili au tatu zinazong'aa ambazo ratiba inaonyesha itapita karibu nazo, kaza macho hapo, na uisubiri ije yenyewe. Kwa kuwa iko juu kuliko kituo, hukawia zaidi kidogo kuingia kivulini, na unaweza kuipata hata dakika kadhaa baada ya adhana ya Isha.